Kabla ya Kumnyima Fundi Pesa, Pimeni Kazi

Ndugu zangu mnaojenga Arua na Koboko, na nyinyi mnaojengewa huku mkiwa Juba, Kampala au ng'ambo, nina ombi. Siku fundi atakapokuja kudai salio lake, nawe ukitazama ukuta ukaona umepinda, usimwambie "sikulipi ng'o", wala usidandie boda kwenda polisi. Mtafuteni fundi wa tatu, asiye wa kwako wala wa kwake, mpime kazi mkiwa nyote mmesimama palepale saiti, na mwandike mlichokiona. Pesa zijadiliwe baadaye.

Ugomvi huu sura yake tunaijua. Fundi anasema kazi imekwisha, mwenye nyumba anasema ni mbovu. "Mbovu wapi?" Mwenye nyumba, hasira zimempanda, anazungusha mkono hewani: "Yote!" Basi, hapo kesi imeshaharibika. Fundi anajua moyoni kwamba plasta ya sebuleni aliilipua, lakini anajua pia kwamba msingi ni mzima na madirisha yamekaa sawa. Akishaambiwa yote ni mabovu, amepata pa kujificha: anabishia la msingi, la plasta linasahauliwa. Mwenye nyumba naye haoni tena fundi, anaona mwizi. Kufika jioni watu wametajiana ukoo na kabila kwa jambo lililokuwa la mifuko michache ya simenti.

Tuseme nyumba ni ya vyumba vitatu, pale Oli, Arua. Mlipatana ufundi shilingi 3,000,000, vifaa juu yako. Umeshatoa 2,000,000, imebaki 1,000,000. Mkikagua kwa utulivu mnakuta ubaya uko sehemu mbili: plasta ya chumba kimoja inabanduka, na sakafu ya veranda imeinamia ndani, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanabisha hodi mlangoni. Kuzirudia sehemu hizo mbili, simenti na mchanga na mkono wa fundi mwingine, ni kama 400,000. Basi ugomvi wenu ni wa 400,000. Zile 600,000 nyingine ni jasho la mtu, na kuzishika ni dhuluma. Wengi wetu tunashika milioni nzima kwa ajili ya hizo laki nne, halafu tunashangaa fundi akija usiku kung'oa milango aliyoitia mwenyewe.

Kupima hakuhitaji injinia kwa kila jambo. Shika funguo au sarafu, ugonge plasta kutoka kona hadi kona, polepole. Iliyoshika ukuta inatoa mlio mkavu na mfupi; iliyoachana na ukuta inalia kama debe tupu. Kila unaposikia mlio huo, chora duara kwa chaki. Kisha kwaruza kwa msumari: ikimwagika unga, simenti ilikuwa haba, au ukuta haukumwagiliwa maji siku za kwanza, na jua letu la Januari halimsamehe mtu. Ning'iniza timazi kwenye kona. Jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha moja ishikwe kwenye linta ya mlango, nyingine kwenye linta ya dirisha, na maji yenyewe yatasema kama zimelingana. Kwenye veranda mwaga ndoo moja ya maji, mtazame yanakokimbilia. Pigeni picha kwa simu, fundi mwenyewe akiwa ndani ya picha na maduara ya chaki nyuma yake. Anayebisha maneno kwa sauti kubwa hupata taabu kubishana na chaki.

Sasa nawageukia wenye nyumba wenzangu, mnivumilie. Huku kwetu mapatano mengi ni ya ufundi tu: wewe unanunua, fundi anajenga. Kwa hiyo si kila kombo ni lake. Ukileta bati la geji 32 kwa sababu ni rahisi kuliko la 28, likaanza kujikunja kabla ya mwaka, usimtazame fundi. Ukipokea mchanga wenye udongo kwa kuwa lori lake lilikuwa la bei nafuu, plasta itapasuka hata ingepigwa na fundi hodari kuliko wote mjini. Na ukimwambia "inyooshe hiyo mifuko mitatu mpaka Ijumaa", umemwamuru alipue, naye amekutii. Upande wa pili, fundi aliyekabidhiwa mifuko kumi, akatia sita ukutani na minne ikapanda boda, huyo ana lake la kujibu. Dawa ni daftari la saiti: mifuko iliyoingia, tarehe, aliyepokea, sahihi. Daftari la shilingi chache tu, lakini likikosekana fundi wa tatu atakisia, na kukisia hakumalizi ugomvi. Likiwapo, anaweza kutenganisha: hili ni la vifaa, hili ni la mkono. Mkipata fundi muungwana anayesema mapema, "mchanga huu siutaki," msikilizeni, na mumwache aliandike neno hilo daftarini.

Na wale vijana wanaochanganya simenti na kubeba matofali, mapota wetu, msiwaingize. Hawakuamua wao mteremko wa veranda. Tajiri akimnyima mkandarasi, njaa hulala kwao kwanza. Lipeni posho zao kutoka kwenye salio, fundi akiwa anaona, watie sahihi au dole gumba, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye hesabu ya fundi.

Ombi langu la pili ni kwa ambao hawajaanza. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba wenye thamani ya kupita pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni 500,000. Sijui nyumba ya matofali ya kuchoma inayosimama kwa chini ya hapo. Hata hivyo tunaanza kwa kupeana mikono chini ya mwembe, soda moja, na Mungu shahidi. Karatasi moja inatosha: kazi gani, ukubwa gani, nani ananunua nini, pesa zinatoka kazi ikifika wapi, na nani atakuwa mpimaji tukitofautiana. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo rahisi kuliko yote kukubaliana wakati bado mnapendana. Iandikeni kwa lugha mnayoisoma nyote wawili, iwe Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa. Kiingereza cha kuazima kwa mtoto wa sekondari hakiwafai. Fundi asiyejua kusoma analindwa na sheria: anayemwandikia hati lazima aandike humo jina kamili na anwani ya mwandikaji mwenyewe. Msomeeni kwa sauti kabla hajaweka dole. Pesa zikitumwa kwa simu, ujumbe usifutwe.

Lipo jambo jingine la kuiga kutoka kwa wakubwa. Kwenye mikataba ya kazi kubwa, kama barabara za lami, mwenye kazi hushikilia sehemu ndogo ya malipo mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Sioni kwa nini anayejenga Koboko asifanye hivyo kwa nyumba yake. Sisi hupenda kujenga kiangazi, Desemba hadi Machi, matofali yakiwa makavu na barabara zinapitika. Mvua kubwa huja Agosti na kuendelea. Paa la Februari, basi, bado halijafanya mtihani. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba sehemu moja ya kumi ya ufundi itasubiri mvua. Mvua ikipita bila paa kuvuja, fundi analipwa hata kama umekwisha kuhamia na kumsahau. Lakini liwe limeandikwa tangu siku ya kwanza. Ukilizua siku ya kumaliza kazi, huo ni wizi wenye jina zuri.

Sasa tuseme mmepima, mmeandika, na bado mmoja amekaza shingo. Nendeni kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC I. Sheria ya 2006 inazipa mahakama za LC mamlaka juu ya madeni, mikataba na mali iliyoharibiwa, mradi thamani isizidi pointi 100, yaani shilingi 2,000,000. Ile laki nne ya plasta na veranda inaingia humo kwa nafasi. Shauri hufunguliwa kijiji anachoishi mdaiwa au kule jambo lilikotokea, na mahakama inaweza kuamuru fidia, maridhiano, hata kuombana radhi. Msidharau hilo la radhi. Wako mafundi ambao wangerudia plasta bure kama wangeombwa msamaha kwa tusi la siku ile. Asiyeridhika anakata rufaa LC II, kisha LC III, kisha kwa hakimu mkuu.

Kwa deni kubwa zaidi, mpaka 10,000,000, upo utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, wenye kanuni za 2011, ambamo unajisemea mwenyewe bila wakili. Kabla ya kufungua unampa mwenzako barua ya kumdai na siku 14 za kulipa. Muulizeni karani kwanza kama dai lenu linaingia humo, kwa sababu utaratibu huu unafaa deni lililo wazi kuliko mabishano ya nani kalipua nini. Hii ni faida nyingine ya kupima: fundi akiweka sahihi kwamba atarudisha kiasi fulani kufikia mwisho wa mwezi, mabishano yameshageuka deni, na deni ni rahisi kulifuatilia.

Polisi waachieni mwizi wa simenti, na yule aliyechukua kianzio akatoweka kabla ya kuchimba hata futi moja ya msingi. Plasta mbovu peke yake si jinai. Fundi akilala mahabusu kwa ajili ya veranda, atatoka, na veranda itakuwa imeinama vilevile.

Mpaka wa nchi nao uko karibu. Wapo mafundi wazuri wanaovuka kutoka Ariwara, na wengine kutoka Kaya, na kazi zao tunaziona. Mtu asikataliwe kwa alikozaliwa. Ila kabla ya kianzio chukua nakala ya kitambulisho, na upate mtu wa upande huu anayemdhamini kwa maandishi. Udhamini wa mdomo, ile Sheria ya Mikataba ya 2010 haiutambui. Fundi wa hapahapa naye alete barua ya LC I ya kijiji chake.

Mlio mbali, msitume pesa zote kwa pamoja, na msimfanye ndugu yenu kuwa kipimo. Ndugu ana huruma, ana aibu, na wakati mwingine ana shida zake. Tuma kwa hatua: msingi, linta, paa, plasta. Kabla ya kila hatua omba video ya mpira wa maji na timazi. Anayekwambia mtandao unasumbua wiki nzima, na kila siku anakutumia picha za harusi, umeshamwelewa.

Wenyeviti wa LC, tunawaomba mkae na orodha ya mafundi wazee wawili watatu wa kila kijiji walio tayari kuitwa kupima. Wapewe posho ya nusu siku, ichangiwe nusu kwa nusu na pande zote mbili, asiwepo wa kusema amenunuliwa. Mashehe na wachungaji, mnaosuluhisha ndoa kila wiki, ugomvi wa nyumba nao mnauweza. Na mafundi mnaojiamini, msingoje kuitiwa mpimaji. Mwambieni mteja siku ya kwanza: kazi ikiisha, leta mtu aipime, nami nitakuwapo. Ukisema hivyo utapata kazi nyingi kuliko anayepunguza bei.

Na wewe ambaye nyumba yako imekwama tangu mwaka jana kwa ugomvi wa namna hii, nyasi zimeshaota chumbani, mpigie fundi wako wiki hii. Usianze na pesa, usianze na lile tusi. Muulize siku gani ana nafasi, na fundi wa tatu anayemwamini yeye ni nani.