Vyumba vya Kitambaa Angani na Mlango wa Kenya

Anayeingia katika nyumba kongwe za Mji wa Kale wa Mombasa, iwe Ndia Kuu au Kibokoni, huona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Dari za mawe na chokaa zilibebwa na miti ya mikoko, mingi ikiletwa kwa majahazi kutoka pande za Lamu, na mti huo haustahimili mzigo wa dari ukizidi urefu wa mita tatu hivi. Fundi alikuwa huru kurefusha chumba apendavyo. Upana uliamuliwa na mti.

Wajenzi wa vituo vya anga za juu nao wamefungwa na sharti la aina hiyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho hupita juu ya Mombasa kwa kimo cha kilomita 400 hivi na kuonekana kwa macho matupu baada ya magharibi mbingu ikiwa safi, kilianza kuunganishwa Novemba 1998. Vyumba vyake vikubwa vina upana wa mita nne na ushei tu, kwa kuwa tumbo la chombo kilichovibeba halikuruhusu zaidi. Ilihitajika safari zaidi ya 30 za vyombo vya Marekani peke yake kukikamilisha. Hoja ya chumba cha kujazwa hewa inaanzia hapo: kikunjwe kikiwa ardhini, kirushwe kikiwa kidogo, kitanuliwe kikishafika.

Wazo lenyewe si geni. Alexei Leonov, binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, alipitia chumba cha kujazwa hewa kilichobandikwa ubavuni mwa Voskhod 2 tarehe 18 Machi 1965. Katika miaka ya 1990 NASA ilisanifu TransHab, makao ya ghorofa tatu yenye upana wa mita nane hivi. Gharama za Kituo cha Kimataifa zilikuwa zimeshavuka makadirio, na mwaka 2000 Bunge la Marekani likaizuia NASA kuendelea kuugharimia mradi huo. Robert Bigelow, tajiri wa mahoteli wa Las Vegas, akachukua haki za teknolojia hiyo na kurusha vyombo viwili vya majaribio kutoka Urusi, Genesis I mwaka 2006 na Genesis II mwaka 2007.

Mtihani wa kweli ulikuja Aprili 2016, chumba cha kampuni ya Bigelow kiitwacho BEAM kilipofikishwa kwenye Kituo cha Kimataifa kwa mkataba wa dola milioni 17.8. Mei 26 kilijazwa hewa, kikagoma. Tabaka zake zilikuwa zimebanwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na hazikuachana kama mahesabu yalivyotabiri. Siku mbili baadaye mwanaanga Jeff Williams alifungua vali kidogo kidogo, mara 25 kwa muda wa saa saba, hadi kikatanuka kikafika urefu wa mita nne, upana wa mita 3.2 na nafasi ya ndani ya mita za ujazo 16. Kilikusudiwa kukaa miaka miwili kisha kitupwe. Kilifanya kazi vizuri kiasi kwamba kiliongezewa muda na kugeuzwa stoo ya mizigo. Vipimo vya miale inayotoka mbali kwenye galaksi vilionyesha viwango vinavyokaribiana na vya vyumba vingine vya kituo.

Wengi wakisikia kitambaa hufikiria puto, na hofu yao inaeleweka. Lakini ukuta wa chumba cha namna hii hauna udhaifu wa puto. Ndani kuna utando unaozuia hewa isivuje. Juu yake ipo mikanda iliyofumwa kwa nyuzi imara kama Kevlar au Vectran, na hiyo ndiyo inayobeba msukumo wote wa hewa. Nje kuna tabaka kadhaa za ngao zilizoachiwa nafasi kati yake, ili kimondo kidogo kikigonga la kwanza kivunjike na vipande vyake vitawanyike kabla ya kufika la pili. Desemba 2023, huko Alabama, kampuni ya Sierra Space ilijaza chumba cha ukubwa kamili kiitwacho LIFE mpaka kikapasuka, kusudi ijulikane mwisho wa nguvu zake. Kilivumilia zaidi ya mara tano ya shinikizo la kawaida, ilhali kigezo kilichopendekezwa ni mara nne. Kimoja tu cha vyumba hivyo kina nafasi inayokaribia theluthi ya Kituo cha Kimataifa chote.

Pingamizi zipo, na zina uzito. Mikanda iliyovutwa mfululizo kwa miaka hurefuka polepole, na tabia hiyo haiwezi kujulikana yote kwa jaribio la siku moja. Tena roketi zinazidi kunenepa. Kituo cha Starlab, kilichotangazwa mwaka 2021 kikiwa na chumba cha kujazwa hewa, kimebadilishwa kuwa chumba kimoja kikubwa cha metali kitakachobebwa na roketi ya Starship. Roketi ikiwa na tumbo la kutosha, mhandisi anajiepusha na taabu ya kukunja na kukunjua. Hata hivyo, hoja ya metali inasimama tu mahali ambapo roketi hiyo kubwa ipo, inaruka kwa uhakika, na bei yake inavumilika. Kwa ushahidi uliopo, kitambaa kimeshastahili kukaliwa na watu, mradi kianze na vyumba vidogo na kichunguzwe mwaka hadi mwaka.

Kilichoyumba katika kisa cha BEAM ni mwenye mali. Machi 2020 Bigelow Aerospace iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote, na mwishoni mwa 2021 umiliki wa chumba ukahamia NASA. Safari hiyo palikuwa na serikali ya kukipokea. Vituo vinavyopangwa kurithi Kituo cha Kimataifa, ambacho kinatarajiwa kustaafishwa mwaka 2030 au muda mfupi baadaye, vitakuwa mali ya makampuni. Kampuni ikifilisika, nani atalipia mafuta ya kukishusha kituo chake baharini kwa usalama?

Swali hilo linawahusu Wakenya moja kwa moja. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Mikanda ya kitambaa huungua upesi inapoporomoka, lakini kila chumba cha aina hii kina milango na kiini cha metali. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo fidia ya madhara yatokeayo ardhini, kampuni iwepo au isiwepo. Kenya ingefaa kuishikilia haki hiyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyozoea.

Tena si kweli kwamba Mswahili wa pwani ni mtazamaji tu katika mambo haya. Kwenye ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco, na Desemba 12, 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ikapaa kutoka hapo, ya kwanza duniani kujitolea kwa uchunguzi wa miale ya eksirei angani. Italia hiyo hiyo, katika viwanda vya Turin, ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya vyumba wanamoishi wanaanga leo. Na setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, haikurushwa moja kwa moja hadi kwenye mzingo wake. Iliachiliwa Mei 11, 2018 kupitia chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo, kwenye Kituo cha Kimataifa chenyewe, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani unaozipa nchi zisizo na roketi nafasi ya bure.

Kituo hicho kikiondoka, mlango huo unaondoka nacho. Kampuni yenye vyumba vipana vya kitambaa itakuwa na nafasi nyingi ya kuuza na hakuna sheria inayoilazimisha kutoa hata kidogo. Kenya ilitia saini mkataba mpya na Italia mwaka 2016 kuhusu kituo cha Malindi. Katika mkataba huo, na katika Umoja wa Mataifa, ndiko inakopaswa kudai kwamba kila nchi itakayoidhinisha kituo cha kibinafsi iweke kando nafasi ya majaribio na setilaiti za vyuo vya nchi changa, na kwamba fedha za kukishusha kituo ziwekwe amana kabla hakijarushwa. 1KUNS-PF ilichukua karibu miaka miwili tangu kuchaguliwa hadi kuachiliwa. Kwa mwendo huo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, atakayetaka kutuma kazi yake angani mwaka 2032, anahitaji masharti hayo yawe yameandikwa kabla ya 2030.