MASTAA NA TAIRI ZA KAMERA: Mbele Mpya, Nyuma Kipara, Halafu Dereva Ndiye Mbaya!

Ubuyu unaotembea mjini ni kwamba staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kamtimua dereva wake kwa kosa la "kumuulia gari". Timu ya staa imeshamshukia dereva wa watu kama mwewe. Mara ooh, alikuwa anakanyaga mafuta kifujo, mara ooh, katumwa na wabaya wa bosi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la msingi: ile Subaru Forester ilikuwa imevaa tairi gani?

Jibu lipo kwenye video aliyoiposti staa mwenyewe siku chache kabla. Kamera inaanzia mbele, taa kali, rimu zinameta, tairi mbili mpya tii, bado zina vile vinywele vya mpira vya dukani. Mashabiki wakamwaga moto kwenye komenti. Sekunde za mwisho gari inakata kona na tairi za nyuma zinaonekana. Kipara kama goti!

Basi gari hiyo hiyo ikapakia madansa, ikaingia njia ya Morogoro kwenda kwenye shoo. Dereva alishasema mapema kwamba gari ikipaki kwa kukata usukani wote inajivuta na kushtuka, kama kuna mtu anagusa breki. Akaambiwa aache uoga. Kufika Chalinze harufu ya oili iliyoungua imejaa, gari haisogei, madansa wako pembeni ya barabara na giza linaingia. Staa yeye alishatangulia na gari nyingine. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wadau, darasa dogo hapa, maana hili wengi linawahusu hata kama hawana shoo Morogoro.

Tairi mpya huwa na kashata, yale meno ya juu, zenye kina cha kama milimita 8. Tairi ikilika inapungua unene, yaani inakuwa ndogo. Chukua saizi ya 215/60 R16, ambayo Forester kadhaa zinavaa. Ikiwa mpya, ikizunguka mara moja inasogea kama milimita 2,087. Ikilika ikabaki na kashata za milimita 3, inasogea kama 2,056. Tofauti ni milimita 31 kwa kila mzunguko. Mtu atasema, milimita 31 ni nini bwana? Ni hivi: kila kilomita 1 tairi iliyolika inalazimika kuzunguka mara 7 zaidi ya mpya. Dar hadi Morogoro ni zaidi ya mara 1,300.

Kwenye gari inayovutwa na tairi mbili tu, hilo halimuumizi mtu upande wa giaboksi. Zinazovuta zinavuta, zingine zinafuata. Lakini kwenye gari ya fowili ya muda wote, mbele na nyuma zimeunganishwa. Ni kama watu wawili waliofungwa kamba mguu kwa mguu, mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Hatua tatu watavumiliana. Kilomita 190?

Watengenezaji walijua kwamba gari ikikata kona tairi za mbele na za nyuma hazitembei sawa. Ndiyo maana katikati wameweka kifaa cha kuruhusu tofauti hiyo. Kuna gari zina difu ya kati, kuna zenye kifaa cha mafuta mazito, na Subaru nyingi za otomatiki zina pakiti ya klachi. Kazi yake ni kuteleza kidogo kwenye kona, kisha ipumzike barabara ikinyooka. Ukichanganya tairi mpya na kipara, hakuna kupumzika. Inateleza kutoka Kimara hadi Chalinze. Inachemka, oili inaungua, klachi zinakwisha. Hapo dereva kakosea wapi?

Na siyo siri. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi zote nne isizidi robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni sawa na kashata kutofautiana milimita 1 tu! Staa wetu yuko mara 5 ya hapo. Tena Subaru kadhaa za otomatiki za zamani zina sehemu chini ya boneti imeandikwa FWD, unachomeka fyuzi pale ili gari ivutwe na tairi za mbele pekee ukiwa umefunga spea ndogo. Yaani waliomtengenezea gari waliogopa hata tairi moja isiyolingana. Yeye kaweka mbili, kaongeza na mziki.

Utetezi wa kwanza wa mashabiki: "Tairi nne ni ghali." Kwa kijana wa Tegeta anayedunduliza mshahara, hoja hiyo inasikilizwa. Kwa mtu aliyetoka kuonyesha cheni mpya na meza ya chupa, hapana. Na hata kwa asiye na hela nyingi, nne za bei ya kawaida, saizi moja, aina moja, zinalinda gari kuliko mbili za jina kubwa zilizowekwa mbele zionekane. Cha rahisi kinageuka ghali pale fundi anaposhusha giaboksi.

Utetezi wa pili: "Fowili inashika barabara hata tairi zikiwa kipara." Uongo wa kijiweni huo! Fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Kinachosimamisha gari kwenye lami iliyolowa ni tairi. Na kipara kikiwa nyuma mvua inanyesha, ni mkia wa gari unaohama kwanza. Kwenye siti ya nyuma walikuwepo watoto wa watu, wana mama zao Mbagala na Manzese, siyo mapambo ya video.

Utetezi wa tatu: "Hata Hilux zinachanganya na zinadunda." Hilux nyingi fowili yake ni ya kuweka na kutoa. Ikiwa kwenye tuwili, mbele na nyuma hazijafungana. Ila jifanye mjanja, weka fowili kwenye lami kavu huku tairi hazilingani, uone inavyokaza.

Mwenye Forester, X-Trail au Harrier ya fowili asiige ujinga wa video. Nunua nne kwa pamoja. Zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili zilike sawa. Upepo ujazwe kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Ukienda kwa tairi za mtumba, pima kashata za zote nne kabla hujatoa hela, na usome namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Moja ikipasuka na zingine zimelika, tafuta iliyolika kiasi hicho hicho, usichanganye na mpya.

Na mafundi wa "weka mbili tu bosi, itatembea", nanyi mpo kwenye kesi hii. Itatembea, ndiyo. Swali ni hadi wapi, na nani atatukanwa ikisimama.

Dereva yule alitoa taarifa akapuuzwa, gari ikafa, kazi ikaota mbawa, na jina lake linachafuliwa na watu wasiojua hata difu inakaa wapi. Staa ana hela ya kununua tairi mbili zilizobaki. Aanze na hizo, halafu ampigie dereva simu na kumlipa chake.

Je mdau, dereva anastahili kurudishwa kazini au staa yuko sahihi? Tupia komenti yako hapo chini, ila kwanza toka nje ukaangalie tairi zako za nyuma.