Vyeti Havilipi Kodi ya Nyumba



Kwenye ukuta wa chumba chetu hapa Nsambya tumebandika vyeti kumi na moja. Kuna cha uongozi, cha kuandika mradi, cha ufuatiliaji na tathmini, na viwili vya usimamizi wa fedha, maana mashirika mawili tofauti yalitufundisha mambo yale yale. Mwezi uliopita mwenye nyumba alikuja kudai kodi ya miezi miwili. Akaviangalia vile vyeti, akatuambia, "Wanangu, kumbe mmesoma sana. Sasa pesa iko wapi?" Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza.

Chumba hicho ndicho shirika letu. Asubuhi akina mama wanajifunza Kiingereza. Mchana vijana wanashona kwa cherehani nne. Jioni wanakuja watu waliofika mjini juzi, wanauliza waende wapi kujiandikisha. Chumba kikifungwa, hayo yote yanafungwa.

Tunachotaka kusema leo ni hiki: sisi vikundi vya wakimbizi hatukosi mafunzo. Tunakosa pesa ya kuendesha shirika, na mtu wa kukaa nasi muda mrefu. Mpaka leo, wakisema "kuwajengea uwezo", unakuta ni semina. Siku tano hotelini, chai saa nne, chakula mchana, picha ya pamoja, cheti. Mara moja tulifundishwa programu ya kompyuta ya uhasibu, na sisi chumbani hatuna hata kompyuta moja. Lakini ile nauli waliyotupa, watu watatu kwa siku tano, tuliikusanya tukalipia kodi. Yaani kilichotusaidia kweli kwenye ile semina ni nauli.

Hata hivyo, kuna njia nyingine. Mwaka 1997 jarida la Harvard Business Review la Marekani lilitoa makala ya Christine Letts, William Ryan na Allen Grossman. Walitazama watu wanaowekeza mtaji kwenye kampuni changa, wakawauliza wafadhili: kwa nini ninyi hamfanyi hivyo? Mwekezaji anakaa na kampuni miaka mingi. Analipia kampuni yenyewe isimame, si bidhaa moja tu. Ikiyumba, anakuja kushauri, maana na yeye ana kitu cha kupoteza. Mfadhili wa kawaida analipia mradi wa mwaka mmoja, anadai ripoti, anaondoka. Njia ile ya kwanza ndiyo wanaiita ufadhili wa kiuwekezaji.

Msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. YARID ilianzishwa hapa hapa Kampala mwaka 2007 na vijana wakimbizi wa Kongo, akiwemo Robert Hakiza. Walianza na mpira na masomo ya Kiingereza, kama tunavyofanya sisi. Baadaye waliungana na wenzao wa Misri, Lebanon, Indonesia na Colombia, na mwaka 2022 umoja wao ukashinda tuzo ya dola milioni 10. Kazi ya pesa hiyo ni kuyapa mashirika mengine ya wakimbizi fedha wanazoweza kuzipangia wenyewe. Mkimbizi anampa mkimbizi mwenzake fedha, na anajua mwenzake ana shida gani, kwa sababu ameshadaiwa kodi na yeye.

Lakini hao ni wachache. Mwaka 2016, kule Istanbul, serikali na mashirika makubwa ya misaada yaliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zao zitafika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ulifika, ahadi haikutimia. Na mwaka huo huo wa korona, Kampala ilipofungwa, ni vikundi vya wakimbizi vilivyozunguka mitaani vikigawa unga, maharage na sabuni. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, miradi mingi ikafungwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Sisi tulibaki, maana hatuna pa kurudi.

Dada zetu na kaka zetu wa mashirika, tunajua mtauliza: tutawaaminije? Ni swali la haki, na wacha tuseme ukweli wetu. Kuna vikundi vyetu ambavyo mwenyekiti ndiye mweka hazina, na pesa yote iko kwenye simu yake. Kuna vingine vinafufuka pale tu mfadhili anapotangaza fedha. Hata sisi, mwaka mzima tuliandika matumizi kwenye daftari la shule, na kurasa mbili zilichanwa na mtoto. Hapo mna haki ya kutukemea.

Lakini dawa ya daftari lililochanika si semina nyingine. Ni kumlipa mtu mmoja anayejua hesabu aje chumbani kwetu mara mbili kwa mwezi, kwa miaka miwili, akae na mweka hazina wetu mpaka aweze mwenyewe. Ni kutusindikiza kwenye usajili, maana Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa wala vya faida, ila karatasi na ada zinatushinda.

Na tahadhari moja. Mwekezaji hupenda namba, na hupenda kitu kikue haraka. Sisi tuna mama mmoja ambaye zamani alikwenda hospitali na mtoto wake wa kumtafsiria. Sasa anamweleza muuguzi mwenyewe panapouma, mambo ambayo hakuweza kuyasema mbele ya mtoto. Kwenye ripoti yeye ni namba 1. Mfadhili asiyeona zaidi ya hiyo 1, hata akikaa miaka kumi, atakuwa bosi tu.

Kwa hiyo, vijana wenzetu, safari ijayo mkiitwa semina, nendeni, lakini ulizeni swali moja kabla ya picha ya pamoja: baada ya cheti, nani atakuja chumbani kwetu, na atakaa mpaka lini? Na sisi tufungue madaftari yetu kabla hatujaombwa. Ya kwetu tumeyanakili upya, sasa watu wawili wanatia sahihi, na kila mwisho wa mwezi tunayabandika ukutani. Ili tupate nafasi, tumeondoa vyeti vitatu.