Watoto wajichoree kadi za sikukuu

Safu ya Jerotich Wafula, Eldoret

Kwa watoto wengi wa mji huu, sikukuu ni siku ya kutokwenda shule, gwaride kwenye runinga na hotuba ndefu isiyowahusu. Lawama si yao. Oktoba 10 iliitwa Siku ya Moi, ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Hata mtu mzima hukwama akiulizwa inaadhimisha nini. Sasa likizo ndefu imefika, Jamhuri na Krismasi ziko njiani, na wazazi wanatafuta cha kuwashughulisha watoto. Pendekezo langu ni kadi za kuchezea, lakini si za kununua. Watoto wazitengeneze wenyewe, kwa sababu anayechora kadi ya sikukuu hulazimika kwanza kuuliza sikukuu hiyo ni ya nani na ya nini. Swali hilo gwaride halimwulizi.

Wajapani walilitambua hili zamani. Michezo yao ya kadi iitwayo karuta huchezwa hasa Mwaka Mpya, na mwaka 1947, nchi ikiwa bado imelemewa na kushindwa vitani, mkoa wa Gunma ulitoa seti yake yenyewe, Jomo Karuta. Ina kadi 44, kila moja ikitaja mtu, mahali au fahari ya mkoa huo, na hadi leo watoto wa Gunma huicheza mashindanoni. Siri yake ni kwamba mchezo hudai kukumbuka, na kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia tu kuisoma. Katika mchezo ninaoupendekeza, mtoto anayemwomba mwenzake kadi kwa jina, mara kumi katika mchezo mmoja, anafanya zoezi hilohilo huku akicheka.

Hapa kwetu hatuhitaji kutafuta mbali. Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikawakamata na kuwashtaki huko Kapenguria Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kadi zigawanywe katika familia sita, kila moja ya kadi sita; hao sita ni familia kamili ya kwanza. Familia ya pili iwe ya waliopinga ukoloni kabla na baada yao: Koitalel arap Samoei, aliyeuawa Nandi Oktoba 19, 1905 katika mkutano alioambiwa ni wa amani, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na wengine. Ya tatu ni ya wanariadha, kuanzia Kipchoge Keino hadi Faith Kipyegon. Tatu zilizobaki, za Jamhuri, Krismasi na Idd, wazijaze watoto wenyewe kwa wanayoyaona nyumbani, iwe bendera, chapati, nguo mpya, safari ya ushago, pilau au mwezi mwandamo. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi 9, kwa hiyo nne zinatosha kwa kadi 36. Zigandishwe juu ya manila au katoni nyembamba ili picha isionekane kwa nyuma, kisha zikatwe kwa rula zilingane, maana kadi iliyozidi wenzake hutambulika hata ikifunikwa. Anayekamilisha familia ya kadi sita huiweka mezani. Mwenye familia nyingi ndiye mshindi.

Najua kuna wazazi watakaoshtuka, hasa wacha Mungu, kwa kuwa kadi kwao ni kamari. Hofu hiyo ina mizizi. Wengi wamewahi kuona mtu akinyang'anywa nauli yake katika pata potea pembeni mwa stendi, na kubeti kwa simu kumemaliza karo katika nyumba nyingi. Lakini kinachofanya mchezo kuwa kamari ni dau, wala si karatasi. Watu hubeti kwa mpira pia, na hakuna anayewazuia watoto kupiga mpira. Sheria ya nyumbani iwe moja: hapa hapachezewi pesa, wala vifuniko vya soda vilivyobatizwa pesa.

Wengine watasema hii ni tuisheni iliyovishwa nguo za sherehe, wakati Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza. Mzazi akigeuza mchezo kuwa mtihani, akasahihisha kila mchoro na kumkemea aliyesahau mwaka, watoto wataziacha kadi hizo zioze na watakuwa na haki. Dawa ni kuwaachia kanuni. Wakitaka kuzitia namba na kucheza kwa kanuni za mtaani, ambapo anayekaribia kumaliza lazima atamke "niko kadi", waacheni.

Linabaki swali gumu la nani apewe kadi na nani aachwe, katika mji ulioumia kwa ghasia za 2007 na 2008. Sioni kuwa ni sababu ya kuacha. Naona ndipo faida kubwa ilipo. Kila mtoto wa ploti, awe wa Langas, Huruma au Munyaka, alete shujaa mmoja anayesimuliwa kwao na aeleze kwa nini anastahili. Mtoto wa jirani atalazimika kulijua jina hilo, kwa sababu bila kulitaja hawezi kuiomba kadi.

Jamhuri ni Desemba 12. Wazazi, tafuteni makasi, gundi na kalamu za rangi wiki hii, muwajibu watoto wanapouliza, na mkialikwa kucheza, kaeni chini mcheze.