Mazoezi ya Kutembea Yasingojee Mashine
Ugonjwa wa Parkinson hutokana na kufa kwa seli za ubongo zitengenezazo dopamini. Hatua za mgonjwa hufupika. Ageukapo, miguu hunata ardhini, naye huanguka. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wametambuliwa. Hakuna sababu ya kudhani kuwa Kyela ina nafuu.

Dawa ni za lazima, lakini mazoezi nayo ni tiba. Mistari ya majivu iliyochorwa uani humsaidia mgonjwa kurefusha hatua. Kuhesabu kwa sauti humpa mwendo. Kugeuka kwa kuzunguka duara pana, badala ya kujisokota mahali pamoja, hupunguza hatari ya kuanguka. Majivu na nyua tambarare Bondeni vipo. Kinachotakiwa ni mafunzo, nayo yaanzie zahanati na shuleni.