Wahadhiri wasipime magunia yao wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalonikera kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni jinsi baadhi ya watumishi wa vyuo vikuu wanavyotunza siri za wanafunzi, na jinsi wanavyochanganya kazi ya umma na maslahi yao binafsi.

Najua wapo watakaouliza: mwalimu wa shule ya msingi, tena wa kijijini huku Mtwara, mwenye cheti cha ualimu tu, anajua nini habari za chuo kikuu? Jibu langu ni fupi. Profesa naye alishikwa mkono na mwalimu wa darasa la kwanza akafundishwa kuandika jina lake. Na wanafunzi anaowapokea leo wametoka mikononi mwetu. Tunayo haki ya kuuliza wanatunzwaje huko waendako.

Yupo binti mmoja niliyemfundisha darasa la saba nilipoanza kazi. Alifika chuo kikuu, na kijiji kizima kilimsindikiza stendi. Mwaka wa pili aliugua. Akaenda ofisini kwa mhadhiri wake, akamweleza ugonjwa wake kwa siri na kumwonyesha cheti cha daktari, ili aruhusiwe kufanya mtihani baadaye. Wiki haikwisha, bwenini kote walikuwa wanajua. Waliokuwa wakila naye sahani moja wakahamisha vijiko. Binti akafunga sanduku akarudi nyumbani, na mpaka leo ninapoandika hajarudi masomoni. Jina lake na la chuo nayaacha. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika barua hii. Alinikubalia kusema kisa, akanikataza kuutaja ugonjwa. Nami natii, kwa sababu siri ni yake.

Ndugu Mhariri, mhadhiri yule pengine hakukusudia ubaya. Pengine alimwambia mwenzake mmoja tu wakati wa chai. Lakini wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanafunzi anapoingia ofisini na kufungua moyo wake, amemfanya mhadhiri kuwa kata. Haifai kata hiyo kuzungushwa mezani. Tena sasa si suala la adabu peke yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazopewa ulinzi mkubwa zaidi. Je, ni ofisi ngapi za vyuo ambako cheti cha daktari bado kinalala juu ya meza, kila apitaye akisome?

Sasa nije kwenye maslahi. Huku kwetu msimu wa korosho ukifika, mkulima hupeleka gunia lake ghalani kwa chama cha msingi. Pale ipo mizani na yupo karani. Karani naye ana mikorosho yake, na hatumkatazi kulima. Lakini siku anapoleta korosho zake tunataka mtu mwingine ashike mizani, na wakulima waone. Si kwamba tumemwita mwizi. Binadamu akipima cha kwake, mkono humwelemea hata bila ya kukusudia.

Hilo nalijua kwa nafsi yangu. Mwanangu yumo katika darasa ninalofundisha. Muhula uliopita nilikuwa nasahihisha Hisabati, nikakuta ameandika 7 mara 8 ni 54. Kalamu yangu ilisita. Nikajisemea labda hiyo nne ni sita iliyoandikwa vibaya. Nikashtuka, nikaufunga mtihani ule nikampa mwalimu mwenzangu asahihishe. Mtoto alipata maksi chache kuliko nilivyotazamia, na mama yake hakunisemesha vizuri siku mbili. Lakini nililala usingizi.

Shule za msingi wenyewe tumewekewa utaratibu. Mtihani wa darasa la saba hatusimamii watoto wa shule yetu. Huja walimu wa shule nyingine. Chuo kikuu mambo ni tofauti. Mara nyingi anayefundisha ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayesahihisha, na pengine ndiye anayesimamia utafiti wa mwanafunzi huyo huyo. Ni kweli wapo watahini wa nje. Lakini mtahini wa nje huona karatasi. Hayaoni yanayosemwa ofisini mlango ukishafungwa.

Na yanayosemwa humo tumekwisha kuyasikia. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika hadharani mtandaoni kwamba rushwa ya ngono ni tatizo hapo chuoni. Baadaye TAKUKURU ilifanya utafiti juu ya rushwa hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Sheria ilikuwapo tangu 2007, na kifungu chake cha 25 kinataja wazi kosa hilo. Tatizo ni kwamba msichana anayedaiwa maksi kwa mwili wake akitaka kulalamika, huambiwa aandike barua kwa mkuu wa idara, ambaye ni rafiki wa mshtakiwa. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere hakimu nyani. Tena hapo ndipo neno "siri" hugeuzwa maana. Siri ya binti ilivuja kwa wiki moja, lakini kosa la mkubwa hufichwa miaka na kuitwa siri ya ofisi.

Lipo na suala la fedha za nje. Mwaka 2013, wakati wa mzozo wa gesi hapa Mtwara, nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Wasomi walisema redioni, hawa wakiunga mkono bomba la kwenda Dar es Salaam, hawa wakipinga. Sisemi yupo aliyelipwa. Nasema sisi wasikilizaji hatukuwa na njia ya kujua nani anafanya kazi ya ushauri kwa nani, na kwa hiyo hatukujua tumwamini nani. Msomi anayetangaza wazi kuwa utafiti wake umelipiwa na kampuni fulani hajipunguzii heshima.

Hatuanzi jambo geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi watangaze mali na maslahi yao. Wanataaluma wenyewe, katika Azimio lao la Dar es Salaam la mwaka 1990, waliuweka uhuru wa taaluma pamoja na wajibu wa msomi kwa jamii. Basi na watimize huo wajibu.

Najua watajibu kwamba wataalamu ni wachache, kila mtu anajuana na mwenzake. Hata kijijini tunajuana. Kuwa na mpwa darasani si kosa; kosa ni kumficha. Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, kila mhadhiri atangaze kwa maandishi, kila mwaka, jamaa zake wanaosoma chuoni hapo na kazi anazofanya nje kwa malipo. Pili, mwanafunzi mwenye uhusiano naye asahihishwe na mwingine. Tatu, malalamiko yapelekwe kwa chombo kilicho nje ya idara, na jina la mlalamikaji lilindwe. Nne, habari za ugonjwa zikae kwa mtu mmoja aliyekula kiapo, chini ya kufuli. Mhadhiri aambiwe tu kwamba mtihani umeahirishwa.

Mambo haya manne hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji daftari, kufuli na watu wenye haya.

Mwaka huu tena nina wasichana wa darasa la saba wanaoniambia wanataka kufika chuo kikuu. Mmoja wao ni mdogo wake yule binti. Ameniuliza, "Mwalimu, na mimi nikiugua huko?" Sikuwa na jibu. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wanisaidie kumjibu.

Mwalimu wa Kijijini,
Rahaleo,
Mtwara.