Ndege kubwa ku Bangoka, rubani Mukongo atakaa wapi?

Tangu Desemba 2024, kampuni ya Air Congo inarusha Boeing 737-800 kati ya miji ya nchi yetu, na Kisangani imo. Abiria anafurahi, na ana haki. Kufika Kinshasa kwa mto ni kilomita 1.734, majuma kwa majuma juu ya baleniera. Kwa ndege ni karibu masaa mawili. Tena Boyoma haijasahau tarehe 8 Julai 2011, wakati Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka hapa Bangoka, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu zaidi ya 70 wakafa. Hakuna mutu anayelilia ndege za zamani.

Lakini nani anakaa mbele, ku usukani? Serikali iko na hisa 51 kwa mia katika kampuni hii, Ethiopian Airlines 49. Basi swali ni letu.

Tufanye hesabu. Let 410 inabeba abiria 19, na marubani wawili. Ndege kumi za namna hiyo ni abiria 190, marubani 20. Boeing 737-800 moja inaweza kufikisha nafasi 189, na mbele wako wawili tu. Ni kweli, ndege kubwa inaruka safari nyingi, timu zinapokezana. Hata hivyo, hazifiki kumi.

Na zile ndogo ndizo zilikuwa ngazi. Kijana anaanza kama kopiloti, leo Buta, kesho Isiro ao Bunia, anakusanya masaa polepole. Leseni ya juu, ile ya kuwa komanda wa ndege kubwa, inadai masaa 1.500. Goma ilikuwa kituo kikubwa cha ndege ndogo. Uwanja wake ulifungwa mwisho wa Januari 2025.

Wale waliokwisha kupanda ngazi nao wanateseka, juu ya sababu moja ambayo abiria haioni. Congo Airways ilianza mwaka 2015 na Airbus A320 mbili. Baadaye ndege zake zikakaa chini. Air Congo ikaja na Boeing. Sasa, ruhusa ya Airbus haikuruhusu kurusha Boeing. Ni masomo mapya, ni simyuleta ya nje ya nchi, ni maelfu ya dola. Na rubani asiyeruka anapoteza hata ile aliyo nayo: kwa siku 90 lazima awe amepaa na kutua mara tatu, ao arudi kwanza kwenye mazoezi. Aende nje? Makampuni yote ya Kongo yako kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, na mwajiri wa nje anaangalia masaa yako uliyapata wapi.

Ethiopian iko na shule yake ya marubani na simyuleta zake kule Addis Ababa. Hiyo ni nafasi nzuri, kama mkataba unaitumia: viti vingapi vya masomo kwa Wakongo kila mwaka, nani analipa, baada ya miaka mingapi komanda wa kwanza Mukongo. Wabunge wa Tshopo wanaweza kumwuliza Waziri wa Usafiri maswali haya matatu, na kudai majibu kwa maandishi.